Vidato 74 Hadi Darasani: Miaka Miwili ya Stashahada ya Usaidizi wa Elimu

Nilimaliza Kidato cha Nne mwaka wa 2006 nikadhani nimeachana na vidato. Kumbe vingine 74 vilikuwa vinaningoja kwenye jengo moja karibu na Tom Mboya Street, orofa ya nne, juu ya maduka ya simu na vibanda vya nguo. Nimevihesabu mara nyingi, kwa sababu lifti ya jengo hilo haikunibeba hata siku moja kwa miaka miwili. Huko juu ndiko nilikosomea Stashahada ya Usaidizi wa Elimu na Mahitaji Maalum, kuanzia Januari 2023 hadi Novemba 2024. Jina la chuo silitaji. Wenyewe watajijua, na yapo mambo ninayotaka kuyasema bila kuletewa barua ya wakili. Hata hivyo vyuo vya namna hii mjini ni vingi, mabango yao yanafanana na maneno ya mapokezi ni yale yale, kwa hivyo nikikueleza cha kwetu utajua pa kushikilia ukienda kuuliza kwingine.

Mimi ni anko wa basi. Yaani nilikuwa. Kwa miaka sita nilifanya kazi kwenye basi la shule moja ya kibinafsi upande wa Lang'ata: kuamka saa tisa na nusu usiku, kuanza kuokota watoto Umoja kabla ya kupambazuka, kuwafunga mikanda, kuhesabu vichwa, kushika vikombe vya uji visimwagike. Kazi hii kwa kawaida ni ya akina dada, ndiyo maana watoto walikosa neno la kuniita wakaishia Anko. Basi miongoni mwao alikuwamo mmoja mwenye usonji, hapa nitamwita Kijana. Alizijua raundabauti zote kwa mpangilio wake: Donholm, City Stadium, Nyayo. Dereva akikwepa foleni na kupita njia nyingine, Kijana anapiga kichwa kwenye dirisha hadi tufike. Bila kufundishwa na mtu nilianza kumwambia mapema, kabla basi halijakata kona: "Leo City Stadium hatutaiona. Tutaiona kesho." Namchorea njia kwenye kiganja chake kwa kidole. Anatulia. Habari zikamfikia mwalimu mkuu, akaniita ofisini. "Anko, nafasi ya msaidizi darasani ipo, lakini siwezi kukuweka pale bila karatasi."

Karatasi ndiyo ilinipandisha hizo ngazi.

Kazi yenyewe haina jina moja Nairobi. Shuleni kwetu ni msaidizi wa mwalimu. Wazazi wa Lavington na Kileleshwa wanasema shedo, kwa sababu unamfuata mtoto kama kivuli chake. Bango la chuo lilisema "mtaalamu wa usaidizi wa elimu", na yule dada wa mapokezi alisema "mwalimu" bila kusita. Tofauti ya maneno hayo niliijua baadaye, tena kwa gharama.

Pesa kwanza, maana ndizo mnazoniuliza sana. Bango lilisema shilingi 18,500 kwa muhula, mihula 6, hivyo 111,000. Nikapiga hesabu nikaona tutaweza. Mke wangu akapiga yake akaona hatutaweza, na yeye ndiye aliyekuwa karibu na ukweli. Kuna 1,500 za kujisajili, 500 za kitambulisho, 6,800 za mtihani kila mwisho wa mwaka, 5,000 za msimamizi wa kukutembelea ukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na 4,500 za joho ambalo unalivaa saa tatu kisha unalirudisha. Jumla 136,100. Hapo sijaweka nauli ya kutoka Umoja, bando la vipindi vya Alhamisi vya mtandaoni, wala kunakili karatasi kwa yule dada wa orofa ya pili, shilingi 3 kwa ukurasa, na hapunguzi hata ukilia.

Nikiwatendea haki, wanapokea karo kidogo kidogo. Kuna mwezi nililipa 700 kwa M-Pesa na risiti ikatoka bila mtu kunikunjia uso. Lakini ikifika wiki ya mtihani upole huo unakwisha: kadi ya mtihani haitoki mpaka salio lisome sufuri. Mara mbili Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ndiyo iliyonisomesha.

Sasa hapa ndipo penye neno. Alama yangu ya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, ni C ya kutoa (C-). Alama hiyo inatosha kuingia stashahada ya vyuo vya kiufundi, lakini ualimu wenyewe ni habari nyingine: stashahada ya ualimu wa chekechea, nilipojisajili, ilitaka C kamili. Dada wa mapokezi aliangalia cheti changu, akatabasamu, akasema, "Ukimaliza hapa unachukua namba yako ya TSC," yaani usajili wa tume ya walimu ya taifa. Nikamwamini. Nani angekataa kuamini? Nilikuwa nimeshika elfu tano mkononi.

Muhula wa tatu ndipo mwalimu wetu wa saikolojia, mama mmoja mstaafu wa shule za umma, alipouliza darasa: "Nani hapa ana C kamili?" Mikono minne ikainuka. Tulikuwa darasani 19. Akavua miwani, akaiweka mezani, akatueleza kile ambacho mapokezi walitakiwa kutueleza. Kwamba chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya kiufundi, hilo ni kweli. Kwamba stashahada yetu ni ya Kiwango cha 6 kwenye mfumo wa kitaifa wa sifa, hilo nalo ni kweli. Ila TSC inasajili walimu, na kwa kozi hii sisi hatukuwa tunasomea ualimu. Tunasomea kukaa kando ya mwalimu. Kwamba hata chekechea, ambazo tangu Katiba ya 2010 ziko mikononi mwa kaunti, mwalimu wake bado anahitaji namba ya TSC. "Mnaingia kwa mlango wa msaidizi," akasema. "Ni mlango mzuri. Lakini msiende kugonga ule mwingine na cheti hiki mkafedheheka." Wakati huo nilikuwa nimeshalipa karo ya mihula 3, shilingi 55,500. Wenzetu wawili hawakurudi Jumamosi iliyofuata, na siwalaumu.

Mimi nilibaki kwa sababu mlango wa msaidizi ndio niliokuwa nautafuta tangu mwanzo. Lakini kama wewe lengo lako ni kuajiriwa na kaunti au serikali, uliza kabla hujatoa shilingi: mtihani wa mwisho unatungwa na nani, KNEC (baraza la mitihani la taifa) au chuo chenyewe? Alama zangu za KCSE zinanifikisha wapi? Wakikujibu kwa tabasamu, omba jibu kwa maandishi, na usikilize kimya kitakachofuata.

Nina binamu yangu Minnesota, Marekani, anafanya kazi hii hii. Huko wanaitwa para. Nilipomsimulia masaibu yangu kwenye simu alicheka kwanza, kisha akaniambia kwao neno hili lilikatwa na sheria. Ipo sheria ya elimu iliyotiwa saini Januari 2002: msaidizi anayesomesha katika shule zinazotumia fedha za serikali kuu za kuwainua watoto wa familia maskini, zile wanazoziita Title I, lazima awe amemaliza sekondari, na juu yake awe na miaka miwili ya masomo ya chuo, au digrii ya miaka miwili, au awe amefaulu mtihani wa kusoma, kuandika na hesabu. Sheria mpya ya 2015 ilipokuja, sharti hilo lilibaki. Binamu alichagua digrii ya miaka miwili kwenye chuo cha jamii, na anasema sehemu ya masomo yake itahesabiwa siku akitaka kuendelea hadi ualimu kamili. Nilimwonea wivu kidogo. Si kwa sababu ya dola. Huko karatasi ya miaka miwili ina kiti chake. Yangu inasimama mlangoni ikingoja mwalimu mkuu wa kila shule aamue kama itakaribishwa au la.

Basi tuache lawama kidogo, maana kuna watu katika chuo kile wanaostahili kusifiwa.

Huyo mama wa saikolojia peke yake anatosha karo nusu. Kuna siku alitaka kutufundisha jinsi ya kumshikilia mtoto katika kazi inayomzidi kidogo, ile elimu ya mwanasaikolojia Vygotsky, na badala ya kutusomea karatasi alitupeleka dirishani. Ng'ambo ya barabara walikuwa wanapaka jengo rangi, na fundi amesimama kwenye miti ya mikaratusi iliyofungwa kwa kamba. "Ile miti ni ya nini?" Tukasema ni ya kumfikisha fundi juu. "Na rangi ikishakauka?" Inatolewa. "Isipotolewa?" Hakuna aliyejibu. "Mwenye nyumba hafungui dirisha," akasema, akarudi mbele ya darasa. Akatuonyesha kwa mikono: kwanza unamshika mtoto mkono mzima, kesho unamgusa kiwiko tu, kesho kutwa unaonyesha kwa kidole, halafu unaangalia tu, halafu hata kuangalia unaacha. Na katikati ya kila hatua unahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusaidia tena. Hadi kumi! Jaribu uone ilivyo ndefu mtoto anapohangaika na kifungo cha shati. Nilikumbuka miaka yote niliyomvalisha Kijana mkoba mgongoni nikijiona mwema.

Somo la huduma ya kwanza lilikuwa la Jumamosi mbili tu. Nitaeleza ya kwanza. Mwaka wa 2019 msichana wa darasa la pili alishikwa na kifafa ndani ya basi letu, pale Lusaka Road, foleni imesimama. Dereva alichomoa kijiko kwenye kikapu chake cha chakula. Mimi nilimkandamiza mtoto kitini na kukiingiza kile kijiko kinywani, kwa nguvu, kama nilivyowaona wazee wakifanya nyumbani. Jino la maziwa likavunjika. Wazazi walinishukuru na kunipa soda. Sasa miaka minne baadaye nimekaa darasani, mwalimu anasema: usimkandamize, usimtie kitu chochote kinywani, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, na zikipita dakika 5 bila kukoma ni hospitali. Aliandika "KIJIKO" ubaoni akakipiga msalaba. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi muda mrefu. Somo hilo lingekuwa na Jumamosi kumi.

Mwalimu wa breli haoni, na hakuna aliyewahi kumdanganya kwamba amefanya kazi ya ziada. Tulianza na kibao na kalamu ya kutobolea, ambapo unaandika kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi unaigeuza, ili ukipindua karatasi isomeke sawa. Nukta 6 tu, lakini zitakutoa jasho. Alipitisha kidole kwenye ukurasa wangu wa kwanza akatabasamu. "Anko, d zako umesahau kuzigeuza zimekuwa f. Hili si duka, hili ni fuka." Alituambia Thika wamekuwa wakifundisha watoto vipofu tangu 1946, na kwamba kama watoto wa miaka sita pale wanaweza, mtu mwenye ndevu asimletee visingizio. Sijawa hodari, lakini nasoma breli ya gredi ya kwanza, ile isiyo na vifupisho, polepole, kwa macho lakini. Kwa kidole bado.

Halafu Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwalimu wake ni kiziwi, na hilo ndilo somo pekee ambalo Tom Mboya Street haikuweza kulivuruga. Masomo mengine yote yalishindana na mhubiri mwenye spika pale chini, makanga wa Githurai, na muziki wa duka la simu. Jioni za Jumanne tukaonana, tukaelewana, kelele zikabaki huko nje na shida zake. Alipenda kutukumbusha kwamba Katiba, Ibara ya 120, imeifanya lugha yake kuwa lugha rasmi ya Bunge sambamba na Kiswahili na Kiingereza. "Sheng yenu haimo," alituashiria. Jumanne ya Juni 18, 2024, siku ya maandamano ya mswada wa fedha, moshi wa kutoa machozi ulipanda hadi orofa ya nne tukiwa wanne tu darasani. Aligawa vitambaa vyenye maji, akafunga dirisha, akatufundisha ishara ya "serikali". Jumanne iliyofuata, Juni 25, hakuna aliyejaribu kuja mjini, na sihitaji kumweleza mtu wa Nairobi sababu.

Masomo mengine nitayapita haraka. Kompyuta: mashine moja kwa watu watano, na muhula mzima tumetaja sehemu za kompyuta kama tunataja sehemu za ng'ombe. Ujasiriamali: karatasi zilizonakiliwa hadi herufi zimefifia. Utafiti wa mwisho: kurasa 40, umefungwa vizuri, na mimi nikatia noti ya shilingi 50 kwenye ukurasa wa 23 kumjaribu msahihishaji. Kazi ilirudi na alama 68 na noti yangu ikiwa palepale, haijakunjwa. Nilinunulia chai. Maktaba ya chuo ni kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake uko na mtu aliyesafiri. Nilisomea maktaba ya McMillan, Banda Street, ile yenye simba wa mawe mlangoni tangu 1931. Viti vyake vya mbao vinauma mgongo lakini kimya kile hakina mfano mjini.

Tulianza 23, tulihitimu 11. Wanaume tulikuwa watatu. Walikuwapo mayaya wawili waliolipiwa na mabosi wao wa Kileleshwa, kijana aliyekosa nafasi ya chuo kikuu, na mama mmoja wa Githurai ambaye hakutaka kazi yoyote. Ana mtoto mwenye mtindio wa ubongo, miaka tisa wakati huo, na alikuwa amechoka kuambiwa mambo ya mtoto wake kwa Kiingereza asichokielewa. Alikuja kusomea mtoto mmoja. Siku ya somo la kulisha, mkufunzi alikuwa anaeleza kutoka kwenye karatasi, mama akainua mkono: "Samahani Mwalimu, ukimwinua kidevu hivyo utampalia." Akasimama, akaomba kiti, akamkalisha mmoja wetu, akaonyesha: kichwa kiinamie mbele kidogo, kijiko kije kutoka chini, ungoje ameze kwanza. Mkufunzi aliweka karatasi chini na kuandika. Huyo mama ndiye aliyeongoza darasa letu kwa alama, na baada ya kuhitimu alirudi Githurai kwa mtoto wake kama alivyosema.

Mwenzetu mwingine alitembea kwa magongo. Hebu fikiria: chuo kinachofundisha mahitaji maalum, vidato 74, lifti imekufa. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2003 tuliisoma darasani, sehemu ya majengo tukaijadili, na mtu wa magongo ameketi mstari wa mbele akipangusa jasho. Tulimpokezana mkoba. Tuliandika barua, tukaitia sahihi sote, tukajibiwa kwamba jengo si la chuo. Muhula wa pili ulipoisha aliacha. Alikuwa na C kamili, ambayo wengi wetu hatukuwa nayo. Kwa hilo peke yake nawakata nyota nzima na sirudishi.

Mazoezi ya kufundisha yalikuwa wiki 12 katika muhula wa pili wa 2024. Mafuriko yakatupangia ratiba: shule zilikuwa zifunguliwe Aprili 29, zikafunguliwa Mei 13. Nafasi unajitafutia mwenyewe. Chuo kinakupa barua tu. Nilipata shule ya msingi ya umma Eastlands yenye kitengo cha mahitaji maalum, kazi ya basi nikamwachia kijana wa jirani kwa muhula huo. Mwalimu mmoja, watoto 19. Kuna mwenye usonji, kuna wa mtindio wa ubongo, kuna wa dauni (Down syndrome), kuna mmoja ambaye shida yake ilikuwa masikio tu na hakuna aliyewahi kumpima. Mwalimu yule alinitazama siku ya kwanza kama mtu aliyeletewa maji jangwani, halafu akanipa watoto saba.

Nilichojifunza pale ni kuandika. Kila tabia ina daftari: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Kuna msichana aliyekuwa akiuma wenzake, na kila mtu alishasema ni tabia mbaya. Baada ya siku nane za daftari tukaona anauma saa nne na nusu, kila mara, kabla tu ya uji. Ilikuwa njaa, basi. Mwalimu akamsogezea uji dakika ishirini mbele na wiki ile aliuma mara moja. Nikatengeneza kadi za picha kwa karatasi ngumu ya katoni: uji, choo, nje, sitaki. Nikatengeneza pia mto mzito wa kuweka mapajani kwa mtoto asiyetulia, kwa jinzi kuukuu ya Gikomba, nikaujaza ndengu. Ulifanya kazi vizuri hadi wadudu walipotoka. Safari ya pili nikajaza kokoto zilizooshwa.

Na zile 5,000 za msimamizi? Alikuja mara moja. Dakika 20. Aliuliza choo kiko wapi, akatia sahihi fomu za ziara tatu, akaondoka. Ripoti yake inasema nina "sauti nzuri". Yule mwalimu wa kitengo, ambaye hakulipwa hata senti, ndiye aliyekaa nami kila Ijumaa baada ya watoto kuondoka na kunisahihisha. Kama mngenipa uwezo zile 5,000 ningempelekea yeye.

Jambo moja zaidi walilolifanya vizuri: walitupeleka Kasarani, KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoanzishwa 1986, tukaona jinsi mtoto anavyopimwa kabla ya kupangiwa shule. Nilirudi nikamweleza mama wa yule mtoto wa masikio mahali pa kwenda na la kusema akifika. Safari yenyewe ilikuwa ya matatu, kila mtu na nauli yake, lakini sikuijutia.

Sasa niko darasani. Mwalimu mkuu alitimiza neno lake Januari 2025. Mshahara umetoka 17,500 hadi 26,000, silali tena na saa ya kengele ya saa tisa na nusu, na bado watoto wananiita Anko, hata mwalimu wa darasa ananiita Anko mbele ya wazazi. Kijana yuko gredi ya nne. Siku nyingi nakaa nyuma kabisa ya darasa karibu na mlango, mikono nimeikalia ili isimsaidie. Wiki iliyopita alifunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Nilihesabu hadi 64.

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama lifti ingefanya kazi, na hata nne na nusu kama wangemwondoa dada wa mapokezi, au wangemlazimisha akae muhula mmoja kwa yule mama wa saikolojia. Ukijiandikisha, chukua darasa la Jumamosi, la jioni lina mhubiri. Usikae kiti cha pili dirishani, kina mguu mmoja mfupi. Na dada wa kunakili karatasi anafunga saa saba mchana siku za Jumamosi, usije ukamfikia saa saba na dakika mbili na mtihani ni wa saa nane, kama mimi.